Fundi na Magodoro ya Kabureta

Fundi hakuazimisha spana. Dereva angeweza kuja anahema, gari limekwama njia ya Rhotia na abiria wamekaa kwenye nyasi, akaomba spana moja tu ya dakika tano, na Fundi akamjibu, "Spana haitoki hapa." Kisha angenawa mikono, akaichukua hiyo spana na kwenda nayo mwenyewe kwa miguu hadi kwenye gari, akalitengeneza na kurudi. Safari nzima hakumruhusu dereva hata kumbebea.

Vitu vya wengine, hata hivyo, aliviazima bila soni. Kwa mama muuza chai aliazima sufuria, akaoshea ndani yake vyuma vya lori, na sufuria ile haikupikiwa chai tena. Kwangu aliazima mkasi. Cherehani yangu ilikaa barazani, ikitenganishwa na gereji yake kwa ukuta mmoja, kwenye barabara kuu ya Karatu, upande ule magari yanapoanza kushika njia ya Ngorongoro. Mkasi wangu ulikuwa mmoja, wa kukatia sare za shule, na yeye alikatia karatasi za gasketi. Kila ukirudi ulikuwa unauma kitambaa badala ya kukikata. Nikilalamika, aliuangalia kama mara ya kwanza kuuona, akasema, "Mkasi wako ni mzuri sana, dada," na kurudi kazini.

Alikotoka sikukujua na sikuuliza. Wengine walisema Singida, wengine Dodoma. Akikasirika Kiswahili chake kilibadilika kidogo, lakini hakukasirika mara nyingi kiasi cha kutuwezesha kujua. Nilipoanza kukaa pale barazani nilimkuta, tayari ana mvi za pembeni na ovaroli lililokuwa la bluu zamani. Jina lake nililisikia mara moja, polisi wa barabarani aliposoma leseni yake kwa sauti, na hata yeye Fundi alionekana kushangaa kidogo.

Gari likiletwa, hakutaka maelezo. Madereva wa Karatu wanapenda kueleza, na wale wa magari ya watalii ndio zaidi, maana wao huchanganya na Kiingereza. Fundi aliwasha injini, akainamisha kichwa, akanyanyua kidole. "Nyamaza kidogo, ndugu. Nimsikie mgonjwa, siyo msindikizaji." Angesikiliza muda mrefu kiasi cha dereva kuanza kujitilia shaka. Kisha angesema, "Bado haijasema," na kuendelea kusikiliza. Nimemwona akimrudisha mtu na Land Rover yake kwa sababu haikusema.

Mikono yake ilikuwa ya malori. Alikaza nati kwa mwili mzima, mguu mmoja akiukanyagia gurudumu, na nati aliyoikaza yeye mafundi wengine walishindwa kuifungua. Aliona fahari katika hilo. Mtu akija kulalamika kwamba nati imekataa, alitabasamu kwa siku nzima.

Alikuwa na aibu moja tu ninayoijua: alitapika garini. Akiendesha mwenyewe, hapana. Akiwa abiria, hata maili mbili hazikupita. Nilimwona akirudi kutoka Mto wa Mbu ndani ya lori la mtu, kichwa nje ya dirisha, uso umekuwa wa majivu, na utingo anamwambia, "Mzee, pole, tumefika," kama anavyoambiwa bibi kizee. Alishuka, akakaa kwenye jiwe, akaomba maji. Hakuna aliyecheka mbele yake. Tangu hapo ikajulikana kwamba Fundi haendi popote asikoweza kujiendesha, na magari ya wateja hakuyatoa nje ya mji. "Si yangu," alisema, na hilo halikuwa na mjadala.

Kwangu hakuwahi kuonyesha huruma, na nilimpenda kwa ajili hiyo. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Nilikuwa na wadogo watatu, nikaacha shule, nikajifunza kushona kwa mama mmoja wa kanisani, na mji mzima ulikuwa ukinitazama kwa macho ya msibani. Siku ya kwanza Fundi kuzungumza na mimi aliuliza, "Ulifika la ngapi?"

"La sita."

"Kupima unajua?"

"Najua."

"Basi nipimie hii," akanirushia mkanda wa feni mapajani, wenye grisi, juu ya sare nyeupe ya mtoto wa watu.

Miaka kadhaa baadaye mdogo wangu anayenifuata alitaka kuacha shule ajifunze ufundi. Alikwenda mwenyewe gereji, bila kuniambia, akajieleza vizuri. Fundi alimsikiliza akiwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. "Hapa hakuna kazi ya mtu mwenye dada," miguu ilijibu. "Rudi shule." Mdogo wangu alikasirika, akasema mzee yule hana akili. Mimi nilielewa, ila sikumwambia Fundi kwamba nimeelewa, wala yeye hakunitajia.

Sasa nieleze habari ya gari lake, maana bila hilo Fundi angekuwa fundi tu kama wengine.

Lilikuwa gari dogo la viti viwili, lisilo na paa, la aina ile Wazungu waliyopenda kukimbizia kwa starehe. Bwana mmoja wa shamba la kahawa upande wa Oldeani aliliacha alipohama, likafika kwa Fundi likiwa na kuku ndani. Lilikuwa chini mno, hata ukisimama pembeni yake ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti bila kunyanyua mkono. Watoto waliliita Kiatu. "Kiatu kinapita! Kiatu kinapita!" na Fundi ndani yake, magoti karibu na kidevu, kofia imefungwa kwa kamba, hatazami kushoto wala kulia.

Kwenye barabara tambarare Kiatu kilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa mlima. Ukishapita geti la hifadhi, barabara inapanda msituni kwa kona hadi ukingo wa kreta, na kwenye kona moja iliyo karibu na juu, yenye mti ulioangukia korongoni, Kiatu kilikohoa na kuzimika. Kila mara kona ile ile. Fundi alikaa juu ya jiwe akasubiri kipoe, kikawaka, kikapanda hatua chache, kikazimika tena. Mwishowe aligeuza na kushuka injini ikiwa imezimwa, akiokoa petroli. Sisi barazani tulijua matokeo kabla hajafika. Kiatu kikija kinanguruma, kimepanda. Kikija kimya, kimeshindwa. Miaka yote ile kilikuja kimya.

Ingekuwa kichekesho tu kama si habari ya mkewe.

Mkewe, tuliyemwita Mama Fundi, alikuwa Mmasai wa upande wa Endulen, mrefu, mcheshi, anayezungumza na kila mtu. Hawakuwa na mtoto. Maziwa aliyahifadhi kwa desturi ya kwao: kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, kinawashwa ncha, kinasuguliwa ndani ya kibuyu kikiwa na moto wake, kibuyu kinafungwa kidogo, halafu ndiyo maziwa yanatiwa. Maziwa yanakaa bila kuharibika na yanapata ladha ya moshi. Fundi, mtu aliyekula siku nzima katikati ya moshi wa malori, hakuyaweza. "Haya maziwa yana ekzosi," alisema. Mama Fundi alicheka, akamchemshia ya kwake pembeni.

Kisha mama yake mzazi akaanguka na kuumia nyonga, ikabidi aende kumwuguza. Alipata nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa linapanda. Nakumbuka amesimama hapa barazani, mzigo wake miguuni, na mama muuza chai anamtania kwamba atakaa juu ya magunia kama malkia.

"Kwenda nitakwenda hivyo hivyo," Mama Fundi akasema kwa sauti, ili gereji isikie. "Lakini kurudi sirudi juu ya magunia. Mwenye gari aje kunichukua na hicho Kiatu chake, kama kinapanda."

"Kitapanda," Fundi akasema kutoka ndani.

"Basi nitakusubiri, mume wangu. Usichelewe, nisije nikazeeka."

Wote tulicheka, na yeye alicheka kuliko sisi. Fundi hakucheka. Alikuwa mtu anayepokea maneno kama anavyopokea vipuri: kile kilichoandikwa ndicho kilichomo. Lori likaondoka, naye akafungua boneti ya Kiatu jioni ile ile.

Nilielewa ugonjwa wa gari lile taratibu, kwa kuwa nilikuwa nasikia kila siku. Petroli inaingia kwenye kabureta, na Kiatu kilikuwa na kabureta mbili, zimefungwa karibu kabisa na bomba la ekzosi linalowaka moto. Mlimani injini inafanya kazi nyingi na upepo ni mdogo, joto linapita kwenye chuma, petroli inachemka ndani ya kabureta kama chai, na injini inakosa cha kunywa. Tena kule juu, Fundi alisema, petroli inachemka upesi kuliko huku kwetu. Ndiyo sababu waliotengeneza gari waliweka kipande cheusi kigumu, kisichopitisha joto, kati ya kabureta na injini, na gasketi kila upande. Fundi alivipa majina yake. Kile kipande aliita godoro. Gasketi aliita shuka. "Shuka chini, godoro, shuka juu. Halafu kabureta inalala. Ukikosa godoro, inalala motoni."

Mama muuza chai hakuweza kuyaacha maneno hayo yapite. "Fundi, wewe unayetandikia kabureta kila siku, kwako nani anakutandikia?"

"Mama, nipe chai."

"Chai nakupa. Godoro sina."

Magodoro ya asili aliyavunja mwenyewe. Hilo alilisema bila kuficha. Aliyakaza kwa mkono wa lori, yakapasuka yote mawili. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni tulipanga foleni, na kipuri cha gari kama lile huwezi kukiota hata Arusha. Basi akaanza kutengeneza ya kwake. Alikata boksi gumu, akalibandika tabaka kwa tabaka. Lilinyonya petroli, likavimba kama andazi. Akakata raba ya tairi. Iliyeyuka, na Kiatu kilishuka kikiwa kimya na kinanuka. Akajaribu bati, ambalo lilizidisha joto. Akajaribu mbao za mkaratusi na za msonobari, zikapasuka au zikapinda. Kila godoro jipya lilihitaji shuka mpya, na kila shuka mpya ilikatwa kwa mkasi wangu. Kila likishindwa alipanda tena na jingine, na kila mara tulitega masikio.

Katika muda huo wote hakumtumia mkewe ujumbe wa kumwambia arudi kwa njia nyingine. Nilimshauri mara moja. Nilimwambia magari ya hospitali yanapita, yanashuka matupu, amwombe dereva amlete. Aliacha kufuta mikono akaniangalia.

"Alisema Kiatu."

"Alikuwa anatania, Fundi."

"Umemwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza.

Shemeji yake, mdogo wa Mama Fundi, alikuwa anashuka na ng'ombe wakati wa mnada. Alikuja amevaa lubega, fimbo mabegani, anasalimia duka kwa duka. Mara za kwanza alileta salamu za kawaida: mama anaendelea, dada anasalimia, dada anauliza Kiatu. Walicheka pamoja. Lakini safari moja alikaa kwenye benchi la gereji bila kucheka. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea Fundi suruali yake iliyotiwa kiraka.

"Shemeji," akasema, "dada yangu anakata fito."

Fundi akaweka nyundo chini. Mimi sikujua maana yake, nikauliza.

"Kwetu mwanamke ndiye anayejenga nyumba," shemeji akaniambia. "Mgeni hakati fito. Mgeni analala kwa mama yake. Akianza kusimamisha fito zake bomani kwa mama, huyo anakaa. Na akishakandika samadi, shemeji, usihangaike tena na barabara. Nyumba ikishakauka, imekauka."

"Atakandika lini?"

"Anangoja fito zitoshe. Kabla ya mvua."

Fundi akasema ataweka chai, tukaingia nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya gereji. Pale jikoni, juu ya mafiga, kilikuwa kimening'inia kijiti cha Mama Fundi, kinene kama mkono, ncha moja nyeusi. Shemeji yake alikishika.

"Hiki bado kipo?"

"Kipo. Sijui kwa nini sijakichoma."

"Kichome nini! Oloirien hii. Dada alikuja nacho toka nyumbani. Kinawaka leo, kinazimwa, kinawaka kesho, miaka. Hakipasuki. Babu yangu alikuwa na rungu la mti huu, sisi tumelikuta, na watoto wetu watalikuta."

Alikuwa anasifia mti tu, kama mtu yeyote anavyosifia vya kwao. Fundi alikitungua. Akanusa upande usioungua. Akakigonga kwenye figa, akakisikiliza, na nikajua kwamba chai haitapikwa tena. Shemeji mtu alipika mwenyewe.

Kazi ya kutengeneza magodoro yale niliiona yote, maana ilifanyikia mlangoni penye mwanga, na siku zile sare zilikuwa chache. Alipasua kijiti kwa msumeno upande wake mnene, akapata vipande viwili bapa, akavisugua juu ya jiwe la kunolea kwa maji. Alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha. Alikilaza kipande cha mti juu ya kioo, akainua vyote viwili kwenye jua, akatazama kama mwanga unapita katikati. Ukipita, alirudi kwenye jiwe. Matundu aliyatoboa kwa msumari uliopashwa moto, akayapanua kwa tupa ya mviringo. Sijawahi kumwona akienda polepole namna ile. Madereva walikuja, wakangoja, wakaondoka.

Shuka alikata kwenye karatasi nene ya kahawia iliyokuja na mizigo ya shamba. Aliilaza juu ya chuma chenyewe, akagongagonga ukingo kwa nyundo ndogo hadi umbo likajichora, kisha akaukamilisha kwa mkasi. Gundi hakutia. Alipaka grisi kwa kidole, kidogo, kama mtu anayempaka mtoto mafuta usoni. Akakaa, akaangalia nati.

Hapo alifika barazani kwangu. Nilikuwa napiga bandi kwenye mkono wa koti, zile nyuzi ndefu za muda.

"Kwa nini hushoni moja kwa moja?"

"Kitambaa kitahama. Nikibana upande mmoja kabisa, upande wa pili unavutika. Kwanza nakishika pote kidogo kidogo, ndiyo nashona."

"Halafu hizo nyuzi unazitoa?"

"Nazitoa."

Akasimama pale hadi nikamaliza mkono mzima. Kisha akarudi. Aliweka shuka, godoro, shuka, lile bati la gari lenyewe la kukinga joto, shuka nyingine, kabureta. Alichukua spana ndogo kuliko zote, akaishika shingoni kwa vidole viwili, si kwenye mpini, ili asiweze kutia nguvu hata akitaka. Robo ya mzunguko huku. Robo kule. Robo huku. Mguu wake uliinuka wenyewe kutafuta gurudumu la kukanyagia, akauona, akaurudisha chini.

"Unafanya nini, Fundi?" mama muuza chai akapiga kelele. "Mbona unalibembeleza?"

"Napiga bandi."

Alikiacha Kiatu kikinguruma hapo hapo hadi boneti ikawa haishikiki. Akaniita. "Weka mkono hapa," akasema, akanionyesha tumbo la kabureta. Niliogopa. Nikaweka. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Akauweka mkono wake pia, akauacha muda mrefu. "Bado haijasema," akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Aliondoka asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alivaa koti nililomshonea kwa ajili ya sikukuu fulani ambayo hakwenda. Kwenye kiti cha pili aliweka kipande kilichobaki cha kile kijiti, akasema ni spea, atakatia magodoro mengine yakihitajika njiani. Aliweka pia karatasi, na mkasi wangu. Nilimwambia nina sare za watu. "Narudi jioni," akasema. Akanipa ufunguo wa gereji. "Spana haitoki."

Siku ile hakuna aliyefanya kazi ya maana. Mama muuza chai alizima redio. Saa ambazo Kiatu hurudi zilifika, tukatega masikio. Si kwa ngurumo, kwa ule ukimya wake wa matairi kwenye kokoto. Haukuja. Jioni dereva wa gari la watalii alisimama kununua sigara. Tukamwuliza kama ameona kigari kidogo kwenye kona yenye mti ulioanguka.

"Konani? Hapana. Nimekikuta juu kabisa ukingoni, kinapita njia ya Endulen. Mzee mmoja amevaa koti. Nimempungia, wala hakuniona."

Mama muuza chai alikaa chini. "Kimepanda," akasema. Kisha akaanza kulia, yeye aliyemcheka kuliko sisi wote.

Tulimngoja kesho yake, na wiki iliyofuata. Mvua zikaja. Habari zilizofika zilikuwa za juu juu: yupo, mzima, salamu. Shemeji yake aliacha kushuka kwenye mnada, ng'ombe sasa waliletwa na vijana nisiowajua. Nilinunua mkasi mwingine, mwepesi, usiofaa. Madereva walikuja kuniomba ufunguo kwa kila namna, wengine kwa ukali. Niliwajibu alivyowajibu yeye. Kila baada ya muda nilifungua, nikapaka spana mafuta zisishike kutu, nikafunga.

Miaka ilipita hivyo. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alipata nafasi ya kujifunza kazi ya uuguzi Endulen, na nilimpeleka mwenyewe, kama nilivyowapeleka wenzake kila mahali walikopaswa kwenda. Tulipanda kwenye gari la hospitali. Kwenye kona yenye mti ulioanguka nilitazama nje, lakini mti wenyewe ulikuwa umeshaoza. Nilipokwisha kumkabidhi, nikauliza habari za Fundi. Kila mtu alimjua. Watoto walinisindikiza hadi boma.

Kiatu nilikiona kwanza. Kilikuwa kimefunikwa ngozi, na mbuzi wawili wamelala juu ya boneti. Fundi alikuwa amekaa kivulini kwa nyumba, anafunga mpini wa jembe la mtu kwa waya. Mvi zilikuwa zimemaliza kichwa. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Dada. Wadogo wamekua?"

"Wamekua. Wa mwisho nimemwacha hospitali. Mwanafunzi."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hesabu imekamilika. Nikakaa. Nikamwuliza kilichotokea siku ile, maana nilikuwa nimekingoja kwa miaka.

"Kilipanda," akasema.

"Najua. Halafu?"

"Nikamkuta anakandika. Ukuta mmoja bado. Nikamwambia nimekuja kukuchukua. Akacheka sana. Akaniambia, nisubiri nimalize. Basi nikamsaidia, ili amalize haraka."

"Wewe? Ulikandika samadi?"

"Majirani walikuja kunitazama. Mwanaume anakandika nyumba, hawajawahi kuona."

"Akamaliza?"

"Alimaliza."

"Halafu?"

Aliutazama ukuta. Akaupapasa kwa kiganja, polepole, kama alivyokipapasa kile kipande cha mti juu ya kioo.

"Halafu nyumba ikawa nzuri."

Mama Fundi alitoka ndani akiinama mlangoni, akanikumbatia, akauliza wa chai, akauliza wa duka, akauliza wote. Alileta maziwa kwenye kibuyu. Mimi alinimiminia kikombe kimoja na Fundi kingine, kutoka kibuyu hicho hicho. Yalikuwa na moshi hasa. Fundi alikunywa chake chote, akasogeza kikombe aongezwe.

"Siku hizi hasemi ekzosi?" nikauliza.

"Aseme!" Mama Fundi akajibu. "Kile kijiti alicholeta, alichokiita spea, nimekitumia mpaka kimekwisha. Kilikuwa changu."

"Spea imekwisha," Fundi akasema. "Siwezi kusafiri safari ndefu bila spea."

Alisema hivyo kwa uso ule ule mkavu, yeye aliyepita Karatu nzima na magurudumu manne tu, la tano la spea hana. Mama Fundi aliangalia upande mwingine, midomo ameibana asicheke.

Nilimweleza kuhusu gereji. Nilimwambia kila kitu kipo, kimepakwa mafuta, wala spana moja haijatoka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Fungua," akasema. "Waazime."

Gari la hospitali lilikuwa linarudi mchana huo huo. Nilipoaga, Fundi aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kahawia, ile ya gasketi, akanipa bila maelezo. Nikakifungulia njiani, magoti yakigonga mlango kwenye mashimo. Ulikuwa mkasi wangu. Alikuwa ameunoa kwenye jiwe, pande zote mbili, na skrubu ya katikati ameikaza kidogo tu, kiasi cha mkasi kufunguka kwa kidole kimoja.

Kesho yake niliujaribu kwenye sare. Ulikata.